Nyumba Njema si Mlango

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu apendaye kuhukumu vitu kwa sura ya nje. Mimi nakusudia kuitumia katika jambo ambalo kwa kawaida haliingizwi katika mijadala ya utamaduni wetu, nalo ni kiwanja cha ndege na namna kinavyounganishwa na jiji lake, pamoja na milima, mito na misitu inayokizunguka. Yamkini wasomaji wengine watashangaa. Wamezoea kuamini kwamba utamaduni ni ngoma, mashairi, mavazi na mapishi, na kwamba barabara, mitaro na majengo ya abiria ni mambo ya wahandisi na wahasibu peke yao. Makala haya yameandikwa kuipinga imani hiyo.

Mwaka 1962, alipounda wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa, Mwalimu Julius Nyerere alieleza kwamba utamaduni ndio roho ya taifa, na kwamba nchi isiyo nao ni kundi tu la watu. Ikiwa hivyo ndivyo, basi roho hiyo haiwezi kufungiwa katika jumba la makumbusho au katika sherehe za mwaka. Lazima ionekane mahali tunapoishi, tunapopita, na tunapompokea mgeni. Taifa linalocheza ngoma vizuri jukwaani, lakini likampitisha mtoto wa shule katikati ya vumbi na magari bila kivuli wala njia ya miguu, halijaujua bado utamaduni wake.

Mlango uliohama

Tutazame jiji la Dar es Salaam, kwa kuwa ndilo linaloonyesha jambo hili waziwazi kuliko miji yetu mingine.

Dar es Salaam ilizaliwa ikiitazama bahari. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid wa Unguja aliuchagua mji huu kwa sababu ya bandari yake iliyotulia. Wajerumani waliokuja baadaye, na Waingereza waliowafuata baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliuendeleza kwa mtazamo huohuo. Makanisa makubwa, ofisi za serikali na nyumba za wakubwa zilipangwa kando ya maji, ili abiria wa meli alipokuwa akiingia aone kwanza sura iliyotayarishwa kwa ajili yake. Makazi ya Waafrika yalikuwa nyuma, ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, na uwanja huo uliachwa wazi makusudi ili uwatenge watu kwa rangi zao. Huo nao ulikuwa usanifu wa miji, tena wenye falsafa kamili: mbele kwa mtawala na mgeni wake, nyuma kwa mwenyeji.

Kisha ikaja ndege. Leo mgeni wa mbali haingii tena kwa mlango wa bahari. Hutua katika Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere, kilicho yapata kilomita 12 kusini-magharibi mwa kitovu cha jiji, katika njia ya kuelekea milima ya Pugu. Kwa hiyo mlango umehama. Umetoka mbele ya nyumba umekwenda nyuma, upande uleule ambao mkoloni hakutaka uonekane. Ili afike mjini, mgeni sharti apite Kipawa, Kiwalani, Vingunguti, Chang'ombe, Keko na Gerezani, mitaa ya wafanyakazi, viwanda na wachuuzi.

Jambo hili lingeweza kuwa heri kubwa kwa jiji la nchi huru. Tena barabara yenyewe ina historia inayostahili heshima. Zamani iliitwa Barabara ya Pugu, na sasa inaitwa Barabara ya Nyerere. Jina hilo halikubandikwa tu. Kati ya mwaka 1952 na 1955 Mwalimu alifundisha katika shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, na katika miaka hiyohiyo TANU iliundwa mjini Dar es Salaam, tarehe 7 Julai, 1954. Mwenye darasa Pugu na mikutano mjini hakuwa na budi kwenda na kurudi, mpaka mwaka 1955 alipoacha ualimu ili aifanye kazi ya siasa. Hii, basi, ni mojawapo ya njia ambazo uhuru wetu ulipitia. Lakini je, ni nini katika barabara hii kinachomweleza msafiri wa leo habari hiyo? Ni kituo gani, mti gani, au kibao gani? Mtu hupita kilomita zote hizo akisoma matangazo ya simu na bia.

Ukumbi usio na milango

Mababu zetu wa pwani walijua namna ya kumwingiza mgeni. Nyumba ya Kiswahili, ile iliyoenea Kariakoo, Ilala na mitaa mingi ya jiji hili, ilipangwa kwa hatua. Nje kuna baraza, mahali pa kupiga hodi, kuketi na kuongea na wapita njia. Ndani kuna ukumbi, njia ndefu inayokata nyumba katikati, yenye vyumba huku na huku. Mwisho wa ukumbi kuna ua, penye jiko, maji, miti na watoto. Tazama hekima yake: ukumbi si mahali pa kupita tu. Kila chumba kina mlango unaoufungukia. Apitaye ukumbini husalimiwa kutoka kulia na kushoto, na kwa kusalimiwa huko huijua nyumba na watu wake.

Sasa tuipime Barabara ya Nyerere kwa kipimo hicho. Barabara hii ndiyo ukumbi wa jiji, lakini ni ukumbi ambao vyumba vyake havina milango. Kuta za viwanda na maghala zimesimama kando kando. Makazi yamejificha nyuma yake, yakiifikia barabara kwa vichochoro. Simama asubuhi katika kituo cha basi kilicho karibu na lango la kiwanja. Utamwona mwanafunzi akisubiri daladala huku jua likimchoma, mama lishe akipika kwenye ukingo wa mtaro, fundi akisukuma mkokoteni pamoja na malori, na bodaboda zikipita mahali pa waenda kwa miguu. Hao hawatoki kiwanjani wala hawaendi kiwanjani. Wao ndio wenye ukumbi. Mgeni huupita mara moja au mbili, wao huupita kila siku ya maisha yao. Lakini linapozungumzwa suala la kupendezesha njia hii, ni nani anayefikiriwa?

Hapa ndipo penye kiini cha ugomvi wangu. Ikitangazwa kwamba mgeni mkubwa anakuja, mitaro huzibuliwa, mawe ya kando ya barabara hupakwa rangi, maua huletwa katika vyungu, na wachuuzi huambiwa waondoke kwa muda. Mgeni akishaondoka, maua hunyauka, mitaro huziba, na wachuuzi hurudi palepale, kwa sababu hawakuwa wamejengewa pengine pa kufanyia biashara. Tabia hii tunaiita ukarimu. Huo si ukarimu. Ukarimu wa Mwafrika ulikuwa kumpa mgeni sehemu ya kile alichonacho mwenyeji. Kumwonyesha mgeni kitu ambacho mwenyeji mwenyewe hana ni uongo. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumeigeuza methali hiyo: mgeni njoo, mwenyeji ajifiche. Tofauti yetu na yule mkoloni aliyepanga majengo yake mbele ya bandari iko wapi?

Majengo mawili

Majengo ya kiwanja chenyewe yanatupa somo. Jengo la pili la abiria, lililofunguliwa mwaka 1984, lilisanifiwa na Mfaransa Paul Andreu. Nguzo zake hutawanyika juu kama matawi, na paa lake limetandazwa juu ya matawi hayo kama majani. Msanifu huyo alikuwa mgeni, lakini jengo lake linaonyesha kwamba alikuwa ameiangalia nchi kabla ya kuchora. Katika jua la pwani binadamu hutafuta kivuli cha mti. Chini ya mti ndipo tunapofanya baraza, ndipo wazee wanapoamua, ndipo shule nyingi zilipoanzia. Mtu anayeaga au kupokea jamaa yake chini ya paa lile yumo katika desturi yake, ajue au asijue.

Jengo la tatu lilifunguliwa tarehe 1 Agosti, 2019, nalo lina uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Ni kubwa, lina nafasi na mwanga, na hakuna mwananchi mwenye akili atakayesema halikuhitajika. Lakini sura yake ya chuma na kioo ni ile inayoweza kuonekana katika miji mingi ya dunia. Silaumu kioo wala chuma. Nalaumu fikra kwamba maendeleo ni kufanana na wengine. Ikiwa jengo la miaka ya nyuma lilijitahidi kusema neno moja la Kiswahili, kwa nini lile la leo, tunapokuwa na wasanifu wetu wenyewe waliosoma katika vyuo vyetu wenyewe, lisiseme sentensi nzima?

Wala tusisahau kwamba kupanua kiwanja kulihitaji ardhi, na ardhi hiyo ilikuwa na watu. Wakazi wa Kipawa na maeneo jirani waliyaacha makazi yao kupisha upanuzi. Taifa lina haki ya kuomba kafara hiyo kwa faida ya wote. Lakini anayetoa mahali pake kwa ajili ya mlango wa taifa anastahili zaidi ya fidia. Anastahili kwamba mlango huo ulete kivuli, maji safi na usafiri kwa jirani zake waliobaki. Kama sivyo, atakuwa ametoa nyumba yake ili wengine wapite upesi zaidi.

Ua uliosahauliwa

Nimesema nyumba ya Kiswahili ina ua. Jiji hili nalo lina ua wake. Mwendo mfupi kupita kiwanja, kuelekea Kisarawe, iko misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, ambayo leo ni hifadhi ya mazingira asilia. Ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki, na ndani yake mna mimea na viumbe vya aina zisizopatikana mahali pengi duniani. Kwa muda mrefu msitu huo umeliwa na mkaa, mashamba na ujenzi. Kutoka katika vilima hivyo hutoka mto Msimbazi, ambao hushuka kupitia Vingunguti na Jangwani, kisha huingia Bahari ya Hindi penye mikoko ya Daraja la Selander.

Tuchore picha hiyo akilini. Upande mmoja pana msitu, upande wa pili bahari. Kati yao vinapita vitu viwili vilivyo karibu sawia: barabara na mto. Kiwanja cha ndege kiko karibu na mwanzo wa vyote viwili. Asili yenyewe ilitupa mchoro wa jiji kabla ya mchoraji yeyote wa kigeni kualikwa. Barabara ingepeleka watu, mto ungepeleka hewa, maji na kijani kutoka mlimani hadi baharini, na mitaa ingekaa katikati ikinufaika na vyote. Waliotunga mipango mikuu ya jiji walilijua jambo hili kwa sehemu. Jiji lilipata mpango mkuu mwaka 1949, mwingine mwaka 1968 na mwingine mwaka 1979, na mabonde ya mito yalionwa kuwa mahali pa kuachwa wazi, yasijengwe. Lakini mji uliokuwa na watu wapatao 270,000 mwaka 1967 umekuwa, kwa sensa ya mwaka 2022, na watu zaidi ya milioni 5. Waliokosa viwanja vilivyopimwa walijijengea mabondeni, na viwanda vikaufanya mto kuwa mtaro wa taka.

Matokeo yake tunayajua. Mwezi Desemba 2011 mafuriko yaliwaua watu wapatao 40 katika jiji hili, na mamia ya jamaa wa mabondeni walipoteza nyumba zao. Watu husema ni mvua. Mvua ni ileile ya masika na vuli. Mwanafunzi wa sayansi atueleze: tone la mvua likianguka msituni hupokelewa na jani, kisha majani makavu, kisha udongo, na huchukua siku nyingi kulifikia bonde. Likianguka juu ya lami, zege au bati, hufika bondeni kwa dakika. Kila eka ya msitu inayoteketezwa Pugu, na kila eka inayotandazwa lami bila bwawa wala mtaro wa kupunguza kasi ya maji, hupeleka mafuriko kwa mtu wa Jangwani. Kwa hiyo anayepanga kiwanja cha ndege, na barabara yake, na maegesho yake, anapanga pia hatima ya nyumba iliyo mbali naye, ambayo hataiona.

Mifano ya wenzetu

Kuna wanaopenda kututajia Singapore. Nasi tuitaje, ila tuitaje kwa ukamilifu. Mwaka 1981 nchi hiyo ilifungua kiwanja kipya cha Changi, na barabara ya kutoka huko hadi mjini, ambayo sehemu yake kubwa imepita juu ya ardhi iliyotwaliwa kutoka baharini, ilipandwa miti mikubwa yenye matawi yanayokutana juu ya msafiri. Viongozi wao hawakuficha kwamba walitaka mgeni aone nidhamu ya nchi kabla hajafika hotelini. Wapenda sura ya nje hukomea hapo. Lakini kampeni ya kupanda miti huko ilianza mwaka 1963, na mwaka 1967 ikatangazwa nia ya kuufanya mji wote uwe bustani. Maana yake ni kwamba mwananchi alipata kivuli mtaani kwake miaka mingi kabla Changi haijampokea mgeni wa kwanza. Barabara ya kiwanja ilikuwa tunda la mti uliokwisha kuota nyumbani.

Karibu zaidi tuna jirani zetu wa Nairobi. Mji huo una neema ya ajabu: hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1946 inapakana nao, si mbali na kiwanja cha Jomo Kenyatta. Mwaka 2022 ilifunguliwa barabara ya kulipia yenye urefu wa kilomita 27, ambayo sehemu yake imeinuliwa juu ya nguzo, na humchukua msafiri kutoka upande wa kiwanja hadi Westlands. Mwenye fedha hupita juu kwa dakika chache, na asiye nazo hubaki chini, katika kivuli cha zege. Katika ujenzi wake miti mingi ilikatwa, ila mti mmoja mkubwa wa mugumo uliokolewa mwaka 2020 kwa amri ya Rais, baada ya wananchi kupiga kelele. Tujifunze mawili hapo. La kwanza, mgeni anayerushwa juu ya jiji hajalifikia jiji. La pili, wananchi wanaojua thamani ya mti mmoja wanaweza kuikunja barabara.

Simtaji mwenzetu ili tumwige. Mti ule wa Singapore asili yake ni Amerika, nao waliuchagua kwa hali yao. Sisi tuna mkwaju, tuna mbuyu, tuna mwembe uliokwisha kuwa mwenyeji kwa karne nyingi, tuna mvule na mpingo. Asiyejua majina ya miti ya kwao atapamba mlango wake kwa maua ya plastiki.

Majibu kwa wapinzani

Wako watakaosema kwamba nchi maskini haina fedha za mapambo, kwanza zahanati, kwanza madawati. Nawajibu kwamba sikuomba mapambo. Mti wa kivuli ni mapambo kwa anayepita ndani ya gari lenye kiyoyozi. Kwa anayetembea kilomita mbili kwenda shule, mti huo ni afya. Njia ya miguu ni uhai. Mtaro unaofanya kazi ni kinga dhidi ya kipindupindu na malaria. Tena fedha za kupaka rangi kila ajapo mgeni hupatikana. Zikusanywe hizo za miaka kumi, zipandwe mara moja ardhini.

Wako watakaosema kwamba miti na ndege havipatani. Hoja hii ni ya kweli, na anayeidharau hajui asemalo. Katika njia ya kutua na kuruka hapatakiwi kitu kirefu, wala mti wa matunda unaowaita ndege wa manyoya na popo, wala dimbwi la maji. Lakini hoja hiyo ndiyo inayoutetea msimamo wangu. Ndege wa jiji hili anayesumbua kuliko wote ni kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu, ambaye jamii yake ililetwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19. Kunguru hafuati miti ya kivuli, hufuata uchafu. Taka zisizozolewa katika mitaa ya jirani na mabaki yanayotupwa ovyo ndivyo vinavyomnenepesha. Kwa hiyo usalama wa abiria aliye angani umefungwa pamoja na usafi wa mtaa wa maskini ulio chini yake. Huwezi kulinda ndege ya chuma kwa kujenga ukuta kati ya kiwanja na mtaa, kwa maana kunguru hajui ukuta. Itakupasa uzoe taka za mtaa huo kila siku, mgeni awepo asiwepo.

Wako pia, nao ndio wagumu zaidi, watakaosema kwamba mgeni hana haja ya kuona umaskini wetu. Hao wana kasumba. Umaskini si aibu ya anayeutenda kazi ili autoke. Aibu ni ya anayeuficha ili asiulizwe. Fundi wa Keko anayetengeneza kitanda kando ya barabara ni fahari kuliko bango lililomfunika. Mpe fundi huyo banda zuri, sakafu, maji na njia ya wateja, na hapo mgeni atakuwa ameiona Tanzania ikifanya kazi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti: tusiifanye barabara ya Mwalimu kuwa mkakasi.

Yapi yafanyike

Mwandishi anayelaumu bila kushauri ni sawa na mtu anayepiga yowe la moto huku amekalia ndoo. Nashauri mambo matano.

Kwanza, mpango wa kiwanja, wa barabara na wa bonde la Msimbazi uwe mpango mmoja. Sasa yako mambo mengi mema yanayoendelea kila moja peke yake. Njia za mabasi yaendayo haraka zimejengwa katika barabara hiyo kuelekea Gongo la Mboto, barabara ya juu ya TAZARA imekuwapo tangu mwaka 2018, na uko mradi wa kuliendeleza bonde la mto. Vidole hivi vikikutana vitakuwa mkono.

Pili, reli. Upande huohuo wa jiji zinapita reli tatu: ile ya kati iliyoanzishwa na Wajerumani, ile ya TAZARA iliyojengwa na Wachina pamoja nasi katika miaka ya 1970, na ile mpya ya umeme iliyoanza kubeba abiria kwenda Morogoro mwezi Juni 2024, ambayo kituo chake cha kwanza ni Pugu. Mwalimu wa Morogoro mwenye safari ya ndege, na mfanyakazi wa kiwanjani anayekaa Pugu, wanastahili kushuka kwenye treni na kufika kiwanjani kwa miguu au kwa basi moja, bila kuingia mjini na kurudi.

Tatu, vyumba vipewe milango. Kila mtaa ulio kando ya Barabara ya Nyerere uwe na mahali pake pa kuifungukia barabara: baraza lenye miti, maji ya kunywa, vibanda vya kudumu vya wachuuzi, na kivuko salama cha watoto.

Nne, tangu milimani hadi baharini pawe na mfululizo wa kijani: msitu wa Pugu ulindwe kikweli, bonde lisafishwe, na wale wanaoondolewa mabondeni wapewe mahali panapofikika kazini kwao.

Tano, njia hii isimulie. Yaandikwe kwa Kiswahili, mahali pa kusomeka na mtu anayetembea, majina ya mitaa na maana yake, majina ya miti, na habari za yule mwalimu aliyepita hapa akiwa na daftari za wanafunzi na kadi za chama.

Neno kwa walimu na wanafunzi

Msidhani kwamba haya ni ya Dar es Salaam tu. Kila mji una mlango wake, nao si lazima uwe wa ndege. Kigoma wana stesheni na ziwa, Tanga wana bandari, Songea na Singida wana stendi ya mabasi. Mwalimu wa jiografia awatoe wanafunzi darasani siku moja, watembee kutoka katika mlango huo hadi shuleni, wakiwa na karatasi na kalamu. Wahesabu miti na wataje majina yake kwa lugha zao. Waandike maji ya mvua yanakwenda wapi na yanamfikia nani. Wapime ni hatua ngapi mtu hutembea bila kivuli. Wamuulize mchuuzi na mzee wa mtaa wangependa nini kibadilike. Mwalimu wa Kiswahili na asahihishe insha zitakazotoka humo, na mwalimu wa siasa na uraia azipeleke kwa diwani.

Watoto waliofanya zoezi hilo ndio watakaokuwa wahandisi, wasanifu na mawaziri. Mmoja wao siku moja atawekewa mezani mchoro wa kiwanja kipya, uliopambwa kwa rangi, wenye wageni weupe wanaotabasamu na miti isiyo na jina. Namwomba siku hiyo aukunjue mchoro wote na kuuliza maswali matatu kabla hajatia sahihi: mwenyeji atapita wapi, maji yatakwenda wapi, na kivuli ni cha nani? Akikosa majibu, aurudishe.